Digrii sasa au wodini kwanza?

"Shikamoo mwalimu. Nina miaka 24, nimemaliza diploma ya uuguzi na ukunga kwa GPA ya 3.6, mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga nimefaulu na leseni ninayo. Nimepata nafasi ya digrii ya uuguzi katika chuo kikuu binafsi. Ada na michango mingine inakaribia milioni nne kwa mwaka. Mkopo nimeomba, majina hayajatoka. Wakati huohuo kituo cha afya cha binafsi hapa mjini kwetu kimeniita kazini, mshahara 350,000 kwa mwezi. Mama yuko tayari kuuza heka mbili za shamba ili nisome, na mimi ni wa kwanza kati ya wanne. Mjomba anasema nikishaonja mshahara sitarudi shule. Sista aliyenisimamia nikiwa fildi anasema digrii bila wodi ni karatasi. Mimi nilifikiria nifanye kazi miaka miwili nikusanye ada, halafu niende. Au nitafute njia ya Uarabuni? Nilisahau kusema, pale kituoni zamu ya usiku muuguzi anakuwa mmoja na mhudumu. Halafu nikiiacha nafasi ya chuo mwaka huu, je, nitafungiwa kuomba tena? Siku za kuthibitisha udahili zinaisha."

Marahaba mwanangu, na hongera kwa leseni. Barua yako nimeisoma mara ya pili kwa sababu ya ile sentensi uliyosema ulisahau. Nitaifikia.

Nianze na msimamo wangu, kwa kuwa una siku chache. Mkopo ukitoka na ukabeba ada yote au karibu yote, nenda chuo mwaka huu bila kusitasita. Mkopo ukikosekana, au ukija asilimia ndogo, ingia kazini kwanza, shamba la mama libaki lilipo, na kazi yenyewe isiwe pale kituoni kwa masharti ya usiku uliyoyataja. Sasa nikueleze nimefikaje huko, maana mjomba na sista wote wawili wana ukweli fulani mkononi, na wewe mwenyewe una hesabu moja ambayo haisimami.

Hesabu hiyo ni ya kukusanya ada. Mshahara wa 350,000 ukiondoa mchango wako wa NSSF wa asilimia 10 na kodi kidogo ya mapato, mkononi zinabaki kama 311,000. Toa chumba, toa nauli, toa chakula, toa vocha, toa kile ambacho mtoto wa kwanza wa nyumba ya watoto wanne hutumiwa ujumbe wa kuombwa kila tarehe 30. Tuseme una nidhamu ya ajabu na unaweka 100,000 kila mwezi bila kukosa hata mwezi mmoja. Baada ya miaka miwili una 2,400,000. Ada ya mwaka mmoja tu inakaribia milioni nne, na digrii ni miaka minne. Kwa hiyo tusidanganyane: kwa mshahara huo hutajisomesha. Kuna sababu nzuri za kuanza kazi, lakini hii si mojawapo, na anayeingia kazini kwa sababu isiyo sahihi huishia kuvunjika moyo mwezi wa nane akiangalia salio.

Digrii ya uuguzi hapa Tanzania hulipwa kwa njia chache sana: Bodi ya Mikopo, mwajiri, mali ya familia, au mfadhili wa bahati. Kila njia ina saa yake inayohesabu, na saa hizo haziendi sawasawa. Hapo ndipo uamuzi wako ulipo.

Tuanze na Bodi ya Mikopo. Masharti hutolewa kwenye mwongozo wa kila mwaka, na mwongozo wa mwaka huu unapaswa kuusoma wewe mwenyewe, usisomewe na rafiki. Lakini kwa miaka kadhaa mambo matatu yamekuwa yakijirudia humo. Mwombaji asizidi miaka 35. Asiwe na ajira au mkataba wa kazi unaompatia mshahara. Na awe amehitimu kidato cha sita au diploma ndani ya miaka mitano iliyopita. Angalia hilo la tatu. Wengi hudhani mlango wa mkopo unafungwa na umri. Kwako wewe umri una nafasi ya zaidi ya miaka kumi, ila miaka mitano tangu cheti cha diploma inakwenda kasi. Kufanya kazi miaka miwili binafsi, ukaacha, ukaomba mkopo ukiwa huna ajira, hilo bado linawezekana ndani ya dirisha hilo. Kufanya kazi miaka sita halafu ukaikumbuka Bodi, hapo umechelewa.

Na mkopo si zawadi. Ukishaajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wako wa msingi inakatwa kila mwezi hadi deni liishe. Nawajua wauguzi wanaonung'unika kuhusu makato hayo kila wanapoona hati ya mshahara, na wachache sana kati yao wangekuwa na digrii bila hiyo Bodi. Kama uko tayari kunung'unika kidogo baadaye, ni deni jema.

Njia ya pili ni mwajiri, na kwa nchi yetu mwajiri anayesomesha kweli ni serikali. Hapa wahitimu wengi hawaelewi utaratibu, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo.

Ukiajiriwa serikalini kwa diploma unaingia kama Afisa Muuguzi Msaidizi. Mwaka wa kwanza ni wa majaribio, kisha unathibitishwa kazini. Baada ya hapo unaweza kuingizwa kwenye mpango wa mafunzo wa mwajiri wako, tuseme halmashauri, na zamu yako ikifika unapewa ruhusa ya masomo. Ukiwa masomoni kwa ruhusa hiyo, mshahara unaendelea kuingia. Ada wakati mwingine mwajiri hulipa, mara nyingi sana anakuambia bajeti hakuna na unajilipia. Lakini fikiria maana ya mshahara kuingia kwa miaka minne ukiwa darasani. Huo ni ufadhili mkubwa kuliko mingi inayotangazwa kwa mabango, na unarudi ukiwa na kazi yako. Mwenzako aliyekwenda moja kwa moja chuoni anamaliza miaka minne, anakwenda mwaka mmoja wa mafunzo tarajali, yaani kazi chini ya usimamizi, halafu anaanza kusubiri tangazo la ajira na maelfu ya wenzake.

Tatizo ni kwamba kuipata hiyo ajira hakutegemei nia yako. Matangazo kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira hutoka yanapotoka. Kwa hiyo usiweke maisha yako kwenye kusubiri. Unaomba kila tangazo linapotoka, ukiwa unafanya kitu kingine chenye maana.

Sasa mjomba. Anasema ukionja mshahara hurudi shule. Anachokiona ni cha kweli. Wako wauguzi wengi walioapa kurudi shule baada ya miaka miwili na leo wana miaka kumi na mbili kazini. Lakini sababu anayoitaja siyo. Sijaona mtu aliyenaswa na ladha ya mshahara wa muuguzi msaidizi, maana haina ladha ya kumnasa mtu. Kinachowanasa ni mkopo wa benki. Mtumishi akithibitishwa tu, maofisa mikopo wanamjua kwa jina. Anapewa mkopo wa kulipa kwa miaka mingi, na kanuni inataka makato yote yasimwache na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi. Watu wengi huisoma kanuni hiyo kama ruhusa ya kukopa mpaka ibaki theluthi. Ananunua kiwanja, anapiga msingi, kuta zinasimama, bati halijafika. Barua ya ruhusa ya masomo inapotoka, anapiga hesabu ya kuishi mjini na kulipa ada kwa theluthi ya mshahara, anaikunja barua na kuiweka kabatini. Akija kumaliza deni, watoto wawili wameshaanza shule.

Kwa hiyo mjibu mjomba hivi kwa heshima: nitarudi shule, na nikiajiriwa sitagusa mkopo wa benki mpaka nimalize digrii. Ukiweza kuishika ahadi hiyo moja, woga wake hauna msingi. Usipoweza kuishika, yuko sahihi kabisa.

Nikiwa hapohapo serikalini, kuna jambo lingine la kukuonya. Usiende masomoni kwa kujiiba. Wapo wanaopanga na mganga mfawidhi kwa mdomo, au wanaosoma wikendi huku wakibadilishana zamu, na wanapoleta cheti wanaambiwa ofisi haikitambui kwa sababu hawakuwa na ruhusa. Wengine wameitiwa utoro kazini. Na hata aliyeenda kwa ruhusa, cheti hakibadilishi mshahara siku anayokiwasilisha. Kubadilishiwa kada kutoka Afisa Muuguzi Msaidizi kwenda Afisa Muuguzi kunahitaji nafasi iwepo kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na fedha ziwe zimetengwa, na barua hiyo inaweza kuchukua muda unaochosha. Tena ukibadilishiwa, unaanza daraja la chini la kada mpya. Kwa muuguzi wa miaka mitatu kazini hilo haliumi. Kwa muuguzi wa miaka kumi na tano, aliyekwisha kupanda madaraja, mshahara wake wa zamani unaweza kuwa mkubwa kuliko wa cheo kipya, hivyo anabakiziwa kama mshahara binafsi na kusubiri cheo kiufikie. Amesoma miaka minne na hati ya mshahara imebaki vilevile kwa muda mrefu. Ndiyo maana, ingawa nakuambia kazi kwanza ikiwa mkopo umekosekana, sikuambii kazi mpaka utakapojisikia. Miaka miwili, mitatu, ukizidi minne.

Nakuja kwa sista wako. Digrii bila wodi ni karatasi, amesema. Kauli hii hupendwa sana kwenye vyumba vya chai vya hospitali, hasa anapopita afisa muuguzi kijana aliyekosa mshipa mara mbili. Ina nusu ya ukweli.

Mwaka 1984 muuguzi Mmarekani, Patricia Benner, alieleza hatua tano ambazo muuguzi hupitia kutoka uanafunzi hadi ubingwa. Mgeni kabisa hufuata kanuni alizofundishwa kwa sababu hana kitu kingine cha kushika. Anayefuata huanza kuona mambo yanayojirudia. Hatua ya tatu ni ya kumudu: anapanga zamu yake, anajua mgonjwa yupi aanze naye na yupi anaweza kungoja nusu saa. Benner alisema hatua hiyo ya kumudu humjia mtu aliyekaa kwenye kazi ya aina moja, katika mazingira yaleyale, kwa miaka miwili au mitatu. Zipo hatua mbili zaidi, ambapo mtu huingia wodini na kujua kitanda namba sita kuna jambo kabla hajashika kipimo cha presha. Hizo hazifundishwi darasani, hapo sista yuko sahihi. Na mwanafunzi wa digrii aliyekwisha kukaa wodini anasoma tofauti: ukimfundisha mshtuko wa damu kupungua mwilini, anauona uso wa mama fulani akilini mwake. Wanaotoka diploma moja kwa moja nao hufaulu, lakini wengi wao husoma kwa ajili ya mtihani.

Nusu nyingine ya ukweli sista hajaisema. Mwaka 2014 Linda Aiken na wenzake walichapisha uchunguzi wa hospitali 300 katika nchi tisa za Ulaya, wakiangalia wagonjwa waliofanyiwa upasuaji. Waliona kwamba kila asilimia ya wauguzi wenye digrii ilipoongezeka kwa kumi, uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 ulikuwa pungufu kwa asilimia 7. Na kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja wa kumhudumia, uwezekano huo ulipanda kwa asilimia 7. Ulaya si kwetu, na utafiti wa namna hiyo unaonyesha vitu vinavyokwenda pamoja bila kuthibitisha kwamba kimoja kimesababisha kingine. Lakini inatosha kumjibu anayesema digrii ni karatasi tu. Elimu ya juu inamfundisha muuguzi kuuliza kwa nini, kusoma ushahidi, kumwambia daktari kwa hoja kwamba dozi hii haikai sawa. Ukiisikia tena ile kauli ya chumba cha chai, cheka na wenzako kisha uende ukasome wakati wako ukifika.

Sasa ile sentensi yako. Usiku muuguzi mmoja na mhudumu.

Sitaki kukutisha, nataka ufikirie kama mkunga. Mama amejifungua saa nane usiku. Mtoto analia vizuri. Kondo limetoka. Baada ya dakika kumi unaona kitenge kimelowa kuliko inavyopaswa. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika katika hospitali zinazokaribia 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ukihusisha wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Damu ilipimwa mapema kwa mfuko wenye alama unaowekwa chini ya mama, na ilipovuka kiwango, mambo yote yalifanywa kwa mkupuo: kukanda mfuko wa uzazi, dawa ya kuubana, dawa ya kuzuia damu, maji ya mshipani, kumchunguza mama kujua damu inatoka wapi na kuita msaada. Kutokwa damu kwa kupindukia, kufunguliwa tumbo kwa sababu ya damu, na vifo vya kutokwa damu, vikijumlishwa, vilipungua kwa asilimia 60. Walichokiacha ni ile desturi ya kujaribu kimoja, kusubiri, kisha kujaribu kingine.

Sasa hesabu mikono. Mmoja anakanda, mwingine anaweka drip na kuchoma dawa, wa tatu anapiga simu na kutafuta gari la wagonjwa, na mtoto naye anahitaji mtu. Mhudumu ni mtu wa maana sana lakini hakufundishwa kuweka mshipa wala hana leseni. Leseni ni ya kwako. Likitokea la kutokea, jina litakaloandikwa kwenye maelezo ya tukio ni lako, wewe mwenye miezi miwili kazini, na mwenye kituo atasema alikuajiri kwa kuwa una sifa. Muuguzi mpya hajifunzi kwa kuachwa peke yake; anajifunza woga na njia za mkato, na njia za mkato za mwaka wa kwanza ni ngumu kuziondoa baadaye. Yule Benner alizungumzia miaka miwili au mitatu ya kazi ya aina moja, na mimi naongeza: karibu na watu wanaojua. Miaka miwili ya kukesha peke yako ukiomba kusitokee kitu sijui niiite nini, ila usiiite uzoefu.

Kwa hiyo rudi pale kituoni ukaulize kabla ya kusaini. Nani daktari au tabibu wa zamu, analala wapi, anafika kwa dakika ngapi? Gari la rufaa ni la kituo au wanakodi? Kwa mwezi wanazalisha akina mama wangapi? Mkataba ni wa maandishi, NSSF inapelekwa? Kisha omba jambo moja waziwazi: miezi sita ya kwanza usiku usipangwe peke yako, uwe na muuguzi aliyekutangulia. Waambie kwa upole kwamba ni kwa usalama wa wagonjwa wao na jina la kituo chao. Wakikubali na kuliandika, ni mahali pazuri pa kuanzia. Wakicheka, umeshajibiwa.

Pa kwenda pengine papo. Hospitali za mashirika ya dini, hizi za Kanisa Katoliki, KKKT, Anglikana na nyinginezo, ndizo zilizowakuza wauguzi wengi wa nchi hii. Mshahara wake hausimuliwi, lakini wodi zina wagonjwa, kuna muuguzi kiongozi anayekagua chati, na mara nyingi kuna nyumba ya watumishi. Hospitali za rufaa za mikoa nazo huchukua watu wa mkataba au wa kujitolea. Hapo kwenye kujitolea kuwa mwangalifu. Kujitolea kwa barua rasmi, kwa muda unaojulikana, kwa posho ya nauli na chakula, chini ya msimamizi, ni shule. Kujitolea miaka mitatu bila barua, ukibeba zamu kamili kama aliyeajiriwa, huko ni kutumiwa, na siku ukiomba hati ya utumishi watakuambia hawakukuona kwenye orodha. Ukiweza kuchagua wodi, omba leba au wodi ya watoto wachanga au ya upasuaji, mahali ambapo usiku mmoja unaona vitu vingi. Na huko utagundua kama unachokitaka ni digrii ya jumla kweli. Wapo walioingia wodini wakitaka digrii, wakatoka wakitaka mafunzo ya kutoa dawa ya usingizi, ambayo muuguzi huyapata kwa muda mfupi kuliko miaka minne, au ukunga wenyewe, au afya ya akili. Sisemi hivyo ili kukugeuza.

Uarabuni nitaipita haraka. Kwa sasa haikufai. Waajiri wa Ghuba kwa kawaida wanataka uzoefu wa miaka kama miwili baada ya leseni, na wewe hata mwezi huna. Saudia humweka mwenye diploma kwenye ngazi ya fundi wa uuguzi na mwenye digrii ngazi ya juu yake, na tofauti hiyo inamfuata mtu mpaka kwenye mshahara. Ukitaka kwenda siku moja, nenda na digrii na miaka ya wodini. Na yeyote anayekuambia atakupeleka sasa hivi kama muuguzi kwa ada ya usajili ya laki kadhaa, muulize jina la hospitali na mkataba, kisha usimtumie hela.

Shamba sasa. Sijui mama analitumia vipi, lakini kama mahindi ya nyumba yanatoka hapo, heka mbili hizo ndizo chakula cha wadogo zako watatu, na huenda ndizo ada zao za sekondari. Heka mbili zikiuzwa zitalipa labda mwaka mmoja au miwili ya chuo, kutegemea ziko wapi. Mwaka wa tatu mtauza nini? Nimeona wanafunzi wazuri wakizuiwa kufanya mtihani wa mwisho wa muhula kwa deni la ada, wakiahirisha mwaka, na shamba halirudi. Kama mama ana moyo wa kusaidia, na ni wazi anao, akodishe heka moja kwa msimu mmoja mmoja mkopo ukija pungufu, hela hiyo ijazie pale ulipopungua. Kukodisha kunarudi. Zungumza naye mwenyewe, usimpitishe mjomba.

Ungekuwa na hali tofauti ningekujibu tofauti. Mwenye mzazi anayelipa ada bila kuuza kitu, aende tu, umri wa 24 ni mzuri kwa kusoma na likizo atajipeleka wodini. Mwenye miaka 33 na diploma ya juzi, akimbilie Bodi kabla ya 35. Mwenye mtoto mchanga na mume kazini mkoa mwingine, hapo kuna mazungumzo mengine kabisa. Wewe una miaka 24, una muda wa makosa mawili au matatu madogo.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi, nenda mwenyewe. Suala la leseni, hasa namna ya kuihuisha na pointi za mafunzo endelevu ukiwa mwanafunzi wa kutwa nzima, waulize Baraza la Uuguzi na Ukunga. Usiiache leseni ikafa eti kwa sababu uko chuoni. Suala la sifa, nenda ofisi ya udahili ya chuo na vyeti halisi mkononi, maana pamoja na GPA yako wataangalia pia masomo ya sayansi ya kidato cha nne. Ukiwa tayari kazini, Muuguzi Mkuu wa Wilaya ndiye mlango wako wa kwanza, na afisa utumishi ndiye mwenye mpango wa mafunzo. Usimwogope, kaa naye umuulize jina lako litaingia mwaka gani. Wenzako wa TANNA, chama cha wauguzi, na TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, wamezoea maswali haya. Na mwajiri binafsi akikuachisha kazi kwa uonevu, lalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, kwa hiyo usikae nyumbani miezi mitatu ukijiuliza.

Na jingine. Ukianza kazi, mahali popote, ukajikuta hulali siku za mapumziko, unalia kabla ya zamu, au unaota mgonjwa mmoja kila usiku, mwone muuguzi kiongozi au daktari mapema. Hutokea sana mwaka wa kwanza, kwa waliosoma sana na waliosoma kidogo, na hutibika.

Nimalizie na uliloliuliza mwisho. Kutothibitisha udahili mwaka huu hakukufungii kuomba mwakani. Utaomba upya kama mtu mwingine yeyote, na GPA yako itakuwa ileile. Kinachokuletea shida ni kuthibitisha, kusajiliwa, kisha kupotea bila kuandika barua ya kuahirisha. Kwa hiyo fanya hivi: uliza chuo leo tarehe ya mwisho kabisa ya kuthibitisha, ingia kwenye akaunti yako ya mkopo kila asubuhi mpaka siku hiyo, na uthibitishe tu ukiona jina lako na asilimia. Kituoni waombe wakupe wiki moja ya kufikiri, na katika wiki hiyo peleka barua kwenye hospitali mbili kubwa zilizo karibu nawe, ukiambatanisha nakala ya leseni iliyothibitishwa na jina la yule sista wa fildi kama mdhamini wako. Nadhani atakubali, anakupenda.